Kila kazi na namba yake: jinsi ya kupata namba isiyojirudia kwenye biashara yako



Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo kama uko dukani na wateja wapo, lihifadhi ulisome usiku ukiwa umetulia. Linahusu namba. Sio namba za mtaji na faida, hizo tumeshazisema sana hapa. Ni ile namba ya kuitia kitu: namba ya oda, namba ya mzigo, namba ya risiti. Namba ambayo ukiitaja, kinaitika kitu kimoja tu.

Najua wapo watakaosema, "Biashara yangu ndogo, kila kitu nakijua kwa macho." Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Nikalipa.

KILICHONIKUTA

Nina ofisi ya ushonaji hapa Segerea. Zamani tulikuwa mimi na fundi mmoja, na kila kitambaa kilichoingia nilikijua mwenyewe. Mteja akileta kitenge naandika jina kwenye kikaratasi, nabana na pini, basi. "Mama Junior, gauni." Tulipofika mafundi watatu bado tulikuwa tunaandika vile vile.

Ijumaa moja jioni nilikuwa nimeenda Kariakoo kufuata nyuzi na zipu. Nyuma akaja Mama Junior. Fundi akaangalia kwenye kamba, akaona gauni lenye karatasi ya Mama Junior, limeshapigwa pasi, akalifunga kwenye mfuko akampa. Yule mama hakufungua hata mfuko, alikuwa na safari ya alfajiri kwenda Dodoma.

Jumamosi saa tatu asubuhi akaja Mama Junior mwingine. Huyu ndiye mwenye gauni. Jioni ile alikuwa na sendoff ya binti yake wa kwanza, na gauni lake liko kwenye basi. Lililobaki pale lilikuwa la yule wa Dodoma, dogo kwake, na rangi sio ya sherehe yao.

Nilimrudishia 60,000 ya ushonaji na 85,000 ya kitambaa. Akazipokea, akaniambia, "Dada, hela umenirudishia. Sendoff ya mwanangu utairudisha?" Alikuwa ameniahidi sare 14 za kikundi chao. Zikaenda kwa fundi mwingine. Hajarudi mpaka leo na simlaumu.

Fundi wangu hakukosea kusoma. Karatasi ilisema Mama Junior, na aliyekuja ni Mama Junior. Kosa lilikuwa langu mimi niliyetumia jina la watu wengi kuita kitu kimoja.

Kuanzia pale nikaanza kutafuta njia. Nimekosea mara nyingi kabla ya kupatia, na makosa hayo ndiyo nataka muyaone, maana kila moja lina funzo lake.

KOSA LA KWANZA: NAMBA YA SIMU YA MTEJA

Nilijiambia, majina yanafanana lakini namba za simu hazifanani. Nikaanza kuandika namba ya simu kwenye kila kitambaa.

Wiki ya kwanza tu ikanishinda. Mteja mmoja kaleta kazi tatu, zote zina namba moja. Mwingine kaacha namba ya mume wake, na mume naye ana suruali yake kwangu. Halafu watu wanabadilisha laini. Na laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu inaweza kumpa mtu mwingine namba ile ile.

Funzo: namba ya simu inamtambulisha mtu wa kumpigia, haitambulishi kazi. Mteja ni kitu kimoja, kazi yake ni kitu kingine. Kila kimoja kiwe na namba yake.

KOSA LA PILI: KUANZA UPYA KILA MWEZI

Nikanunua daftari kubwa. Kazi ya kwanza 1, ya pili 2, ya tatu 3. Safi kabisa. Mwezi ulipoisha nikapiga mstari nikaanza tena 1, ili nione kwa urahisi mwezi huu nimepata kazi ngapi.

Sasa wenye biashara ya ushonaji mnajua, kuna wateja wanaoacha nguo miezi minne. Mwezi wa sita nikawa na 14 mbili kwenye kamba, moja ya Mei na moja ya Juni. Nimerudi kule kule kwa Mama Junior, tofauti ni kwamba sasa nimekosea kwa tarakimu.

Funzo: namba ikishatumika imetumika. Isirudi, hata kama kazi imekwisha, hata kama mteja ameghairi. Ukitaka kujua mwezi huu umepata kazi ngapi, toa ya kwanza kwenye ya mwisho, uongeze moja. Ukianza na 310 ukamaliza na 362, umepata kazi 53.

KOSA LA TATU: KITABU CHA DUKANI

Mtu akanishauri ninunue kitabu cha risiti chenye namba zilizochapwa tayari na nakala chini yake. Ushauri mzuri sana, na mpaka leo nawashauri wenye biashara ndogo waanze nao. Namba imeshachapwa, hakuna wa kukosea kuiandika. Unampa mteja karatasi ya juu, nakala inabaki, na kipande kidogo chenye namba ile ile unakibana kwenye mzigo.

Kosa langu lilikuwa kununua vitabu vilivyo tayari dukani. Vile karibu vyote vinaanzia 001. Kitabu cha kwanza kikaisha, cha pili nacho kikaanzia 001.

Funzo: agiza vyako kwa mchapaji. Mwambie cha kwanza kianzie 0001, na ukienda kuagiza vingine beba kile kilichoisha ili aanzie pale ulipoishia. Na tuelewane, hiki ni kitabu cha kumbukumbu za kazi. Kama unatakiwa kutoa risiti ya EFD, hiki hakichukui nafasi yake.

KOSA LA NNE: KALAMU MBILI

Kazi ikakua, nikafungua kibanda cha kupokelea nguo Kinyerezi, akakaa mdogo wangu. Mimi na daftari langu Segerea, yeye na lake kule. Jioni nguo za kule zinaletwa kushonwa huku. Siku ya tatu nikapokea mfuko una namba 231, na huku kwangu kuna 231.

Tukajaribu kupigiana simu. "Umefika ngapi? Basi andika 232." Siku ya wateja wengi hakuna anayepokea simu. Na hata tukipokea, wote wawili tunasubiriana.

Hapa ndipo nilipopata msaada. Jirani yangu ana kijana anasoma kompyuta chuo. Nikamweleza, akacheka. "Anti, hili tatizo lako ndilo tunalofundishwa darasani. Kompyuta mbili zisizoongea, kila moja inataka kutoa namba, na namba zisigongane."

Akanipa njia tatu, na ndizo zinazotumika hata kwenye mifumo mikubwa.

Ya kwanza, mtoa namba awe mmoja tu. Wote wanamuuliza yeye. Ni salama, ila yeye akiwa hapatikani kazi inasimama.

Ya pili, gawana mapema. Huyu ana 0001 hadi 0500, yule ana 0501 hadi 1000. Au kila sehemu iwe na herufi yake mbele. Hapo hamhitaji kupigiana simu, maana hata wote mkiwa kwenye 231, A-231 na K-231 ni vitu viwili.

Ya tatu, chagua kwa kubahatisha, lakini kutoka kwenye kapu kubwa mno. Hii nitaieleza, maana ndiyo niliyoirukia nikaumia.

KOSA LA TANO: KUBAHATISHA KWENYE KAPU DOGO

Nilipenda ile ya tatu kwa sababu haina kuhesabu. Nikamwambia mdogo wangu, "Kila kazi andika tarakimu nne zozote zinazokujia." Nikawaza, kutoka 0000 hadi 9999 kuna namba 10,000. Zitagongana lini?

Ziligongana mapema sana. Kijana akanionyesha hesabu yake. Ukichagua kwa kubahatisha kati ya namba 10,000, ukifikisha kazi 120 hivi, uwezekano wa kuwa na mbili zinazofanana umeshavuka nusu. Kazi 120 tu! Ni kama siku za kuzaliwa: mwaka una siku 365, lakini watu 23 wakikaa kwenye daladala moja, uwezekano kwamba wawili wamezaliwa tarehe moja unapita nusu. Kwa sababu humlinganishi mtu mmoja na wengine. Kila mtu analinganishwa na kila mtu.

Na sisi binadamu ni wabaya zaidi, hatubahatishi kweli. Mdogo wangu alikuwa anapenda sana 1234 na mwaka wake wa kuzaliwa.

Kompyuta zinazotumia njia hii zinatumia kapu ambalo akili haiwezi kulishika. Ipo aina ya namba inaitwa UUID. Ukiiona imeandikwa ina alama 36, tarakimu na herufi pamoja na vistari vinne. Ile ya kubahatisha ina nafasi nyingi kiasi kwamba idadi yake ukiiandika ina tarakimu 37. Simu zako mbili zinaweza kutengeneza namba hizo bila bando, bila kuulizana, na kugongana ni jambo usiloweza kulitegemea litokee.

Lakini jaribu kumsomea mteja alama 36 kwenye simu! Kwa hiyo programu nyingi nzuri zinaweka zote mbili: ndefu ya mashine kujitambulisha kwa ndani, na fupi ya watu kusomeana. Ukiona programu yako ya mauzo ina minamba mirefu isiyoeleweka, usiifute na usiihariri. Hiyo ndiyo inayoshikilia kila kitu.

KOSA LA SITA: EXCEL

Nikaja kwenye kompyuta. Kwenye Excel nikaona kila mstari una namba pembeni, 1, 2, 3. Nikasema hii hapa, inajitengeneza yenyewe. Nikawa natumia namba ya mstari.

Siku moja nikapanga orodha kwa alfabeti ya majina. Mistari yote ikahama. Kazi iliyokuwa 18 ikawa 3. Kwenye kamba nguo zina namba za jana, kwenye kompyuta namba za leo.

Namba ya mstari ni namba ya kiti. Abiria akihama kiti, namba haimfuati. Wewe unataka namba inayomfuata abiria.

Nikatengeneza safu yangu ya namba, na fomula ya kutafuta namba kubwa kuliko zote kisha kuongeza moja. Nayo ina mtego. Kazi ya mwisho ikiwa 1042 na ukaifuta kwa sababu mteja ameghairi, inayofuata itapewa 1042 tena, wakati mteja wa kwanza bado ana karatasi ya 1042 kwenye pochi. Ndio maana mifumo ya kudumu inatunza pembeni namba ya mwisho iliyowahi kutolewa, sio kubwa iliyobaki.

Funzo: usifute mstari. Andika "IMEGHAIRIWA" na uuache hapo hapo. Na namba ikishatolewa iandikwe kama namba yenyewe, sio fomula inayojihesabu upya kila ukifungua.

SASA TAZAMA NAMBA ZINAZOKUZUNGUKA

Tangu siku hizo nimekuwa naangalia namba za wakubwa ili niibe akili. Na wewe fanya hivyo.

Chukua bakodi, ile mistari nyuma ya bidhaa yenye tarakimu 13. Zikianza na 620, maana yake kampuni ilichukua namba yake kupitia GS1 ya Tanzania. 616 ni Kenya. Haimaanishi lazima bidhaa imetengenezwa hapa. Na angalia: sabuni 100 za aina moja na ukubwa mmoja zina bakodi moja. Bakodi inataja aina ya bidhaa, haitaji kipande.

Sasa piga *#06# kwenye simu. Inakuja IMEI, tarakimu 15. Hii inataja simu ile moja, sio aina. Simu mbili za toleo moja, zilizotoka boksi moja, zina IMEI tofauti. Kwa hiyo wewe unayeuza simu na kutoa waranti, bakodi haikusaidii kitu. Andika IMEI kwenye risiti, vinginevyo utaletewa simu mbovu iliyonunuliwa kwingine na utaipokea.

Katikati ya hizo mbili kuna namba ya toleo, ile iliyopo kwenye dawa na vyakula. Inataja mzigo uliotengenezwa pamoja. Likitokea tatizo, huhitaji kutupa kila kitu, unatoa toleo lile tu.

Kwa hiyo kabla hujaanza kutoa namba jiulize: nataka kuita aina, mzigo, au kipande? Muuza mitumba anaweza kutosheka na namba ya beli. Fundi simu anahitaji namba ya kila simu. Mimi nahitaji ya kila kazi, na kazi ikiwa na nguo sita naongeza mkwaju: A-1042/1 mpaka A-1042/6.

Angalia pia muamala wa simu. Kila malipo yana namba ya kumbukumbu, na muamala mwingine haupewi namba hiyo hiyo. Mimi naiandika kwenye daftari mbele ya kazi iliyolipiwa. Siku moja nimeonyeshwa meseji ya malipo, nikaitafuta namba yake, nikakuta ilishalipa kazi ya wiki mbili nyuma. Sikugombana na mtu. Nikamwonyesha daftari.

LUKU INATUFUNDISHA KUACHA NAFASI

Mnakumbuka mwaka 2024 TANESCO walipotutaka tuboreshe mita za LUKU? Ukinunua umeme ulikuwa unapata makundi matatu ya tarakimu 20. Unaingiza mawili ya kwanza, ndipo la tatu linakubali. Wengi tulilalamika vidole vinauma, lakini wachache walijua sababu.

Sababu ni namba isiyojirudia iliyokuwa inaisha.

Kila tokeni ya umeme inabeba ndani yake dakika iliyotengenezwa, na wakati ule ilihesabiwa kutoka tarehe 1 Januari 1993. Mita inakumbuka tokeni ilizokula, na ndio maana ukirudia ya jana inakataa. Lakini waliopanga utaratibu ule waliacha nafasi ya dakika 16,777,216 tu. Miaka ile ilionekana nyingi. Ukizigawanya zinafika miaka kama 32, na mwisho wake ulikuwa tarehe 24 Novemba 2024. Mita za utaratibu huo dunia nzima, sio za Segerea peke yake, ilibidi ziboreshwe kabla ya siku hiyo.

Na walifanyaje? Hesabu ilianza kwa tarehe mpya, na mita zikabadilishiwa ufunguo, ili tokeni za zamani zisikubali tena. Hapo kuna mambo mawili ya kuiba. Moja, acha nafasi kubwa kuliko unavyodhani utahitaji. Tarakimu nne zinaisha kwenye 9,999. Pili, ukilazimika kuanza upya, badilisha na kitu cha mbele. Mfululizo wa A ukiisha nitaenda B-0001, sitarudi A-0001.

USIIJAZE NAMBA MANENO

Kuna kishawishi cha kufanya namba ieleze kila kitu: SEG ya Segerea, GAU ya gauni, jina la fundi, bei. Nilianza na S ya Segerea. Fundi mmoja akawa anasoma S kama 5. Halafu nikawaza, nikihamia Bonyokwa itakuwaje? Na gauni likigeuzwa sketi na blauzi? Namba itakuwa inasema uongo na siwezi kuibadilisha, maana mteja ana karatasi.

Sasa ofisi ya kwanza ni A, ya Kinyerezi ni K, basi. Habari nyingine zote ziko ndani ya daftari, zinabadilika zinavyotaka. Epuka herufi O inayofanana na sifuri, I inayofanana na moja, na S.

Kumbuka pia namba za mfululizo zinasema umri. Hapa mjini mtu akikuambia gari lina namba D au namba E, umeshajua lilisajiliwa zamani au juzi. Na risiti yako ni hivyo hivyo. Mteja akipewa 0003 anajua umeanza juzi. Anzia 1001, hakuna anayekukataza.

Na jambo la usalama: namba ni jina, sio ufunguo. Anayejua A-1042 anaweza kukisia A-1043 ipo. Kwa hiyo sitoi nguo kwa kutajiwa namba tu. Naomba karatasi. Kama imepotea, nauliza tarakimu nne za mwisho za simu iliyoandikwa.

NAMBA YA UKAGUZI, KWA WALIO TAYARI

Hii sio lazima, ila imeniokoa. Watu wanapindua tarakimu, 1042 inaandikwa 1024. Bakodi na IMEI zinajilinda kwa tarakimu ya mwisho, ambayo ni hesabu ya zile zilizotangulia. Mimi natumia hesabu ya bakodi.

Anzia kulia. Zidisha ya kwanza kwa 3, ya pili kwa 1, ya tatu kwa 3, ya nne kwa 1. Kwa 1042: 2 mara 3 ni 6, 4 mara 1 ni 4, 0 mara 3 ni 0, 1 mara 1 ni 1. Jumla 11. Kufika kumi inayofuata, yaani 20, panahitajika 9. Naandika A-1042-9.

Mtu akiandika A-1024-9, nakagua: 12 na 2 na 0 na 1 ni 15, panahitajika 5, sio 9. Namba imekosewa, natafuta kabla ya kumpa mtu nguo. Haikamati yote. Tarakimu mbili za jirani zilizopishana kwa 5, kama 1 na 6, zikipinduliwa zinapita. Lakini tarakimu moja ikiandikwa vibaya inaikamata daima. Excel inaweza kukuhesabia, na mchapaji ukimpa orodha atazichapa.

FANYA HIVI LEO JIONI

1. Amua unaita nini: aina, mzigo au kipande.
2. Kila sehemu au mtu anayepokea apewe herufi yake au kitabu chake.
3. Anzia 1001 na usirudi nyuma kamwe. Iliyoghairiwa iandikwe imeghairiwa.
4. Namba moja sehemu tatu: kwenye karatasi ya mteja, kwenye mzigo wenyewe, na kwenye daftari. Ikikosekana hata moja, kazi haijapokelewa.
5. Ukihamia kwenye programu, muulize muuzaji maswali mawili: simu mbili zikiuza bila bando, namba zitagongana? Nikifuta kazi, namba yake itapewa kazi nyingine? Akibabaika, tafuta mwingine.

Gharama yangu mimi ni vitabu vya kuchapisha, pini na kalamu ya wino usiofutika. Kompyuta ilikuja baadaye.

Wiki iliyopita tulikuwa na akina Mama Junior watatu kwa wakati mmoja. Mmoja ana vitenge viwili vya rangi moja na vya mwenzake. Sikuwepo ofisini, nilikuwa nimefuata mzigo Kariakoo. Fundi aliomba karatasi, akasoma namba, akatoa nguo. Nilivyorudi hakuwa na cha kunisimulia.